Nakala za Virusi na Njia ya Reli

Mtu ashukaye kutoka Mghange, juu katika milima ya Taita, akipita Wundanyi na Mwatate, hufika Voi, mji uliokuzwa na reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi lake likapelekwa Taveta. Baadaye ikaja barabara kuu na malori yake. Kwa hiyo UKIMWI ulipotambuliwa katika Kenya, mwaka 1984, wengi walijiona wanajua ulikotoka: kwa madereva wa malori, kwa wanawake wa vituo walipolala, kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria. Wa kulaumiwa hawakukosekana. Ushahidi ndio uliokuwa haba.

Siku hizi ushahidi hutafutwa ndani ya virusi vyenyewe. Ili kuelewa jambo hili, msomaji na akumbuke jinsi tenzi zilivyonakiliwa kwa mkono huko Lamu na Pate. Mwandishi mmoja akiruka neno, wote wanakilio kutoka kwake huliruka vile vile. Na mmoja wao akiongeza kosa lake, nakala zitokanazo naye huwa na makosa mawili. Mtu akizikusanya na kuzilinganisha, aweza kukisia ipi ilizaliwa na ipi, hata kama ile ya kwanza imekwisha kuliwa na mchwa. Virusi vya UKIMWI navyo vina maandishi yao, yapata herufi 9,700, ambayo wataalamu huyaita jenomu. Tena ni wanakili wabaya mno: huzaana upesi na kukosea mara nyingi. Na kwa kuwa makosa hayo huongezeka kwa mwendo uwezao kukadiriwa, huwa pia ni saa.

Lakini saa hiyo yahitaji nakala za kale ili irekebishwe. Mbili zilipatikana Kinshasa: damu ya mtu iliyochukuliwa mwaka 1959, na kipande cha mwili kilichohifadhiwa tangu mwaka 1960, ambacho maandishi yake yalitangazwa mwaka 2008. Zilitofautiana sana, hata ikadhihirika kwamba kunakili kulianza miaka mingi kabla yake. Mwaka 2014 Nuno Faria na wenzake walieleza kwamba mzazi wa ugonjwa ulioenea duniani alikuwako Kinshasa, wakati ule ukiitwa Léopoldville, karibu na mwaka 1920. Na tazama ni nini kilichoubeba! Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka walisafiri kwa reli kupitia mji huo, na virusi vikasafiri nao mpaka miji ya machimbo ya madini, kama vile Lubumbashi. Kwetu Afrika ya Mashariki, virusi vya aina A na D viliingia baada ya mwaka 1950, vikaenea kwa kasi katika miaka ya 1970. Basi ugonjwa ulikuwa umekwisha kukaa nasi kwa miaka mingi kabla haujapewa jina.

Elimu hii ina mipaka yake. Virusi vya watu wawili vikifanana sana, huenda mmoja alimwambukiza mwenziwe, na huenda wote wawili waliambukizwa na wa tatu asiyepimwa. Kwa sababu hiyo ni hatari kuifanya shahidi wa kumtia mtu hatiani. Hufaa zaidi kueleza habari za makundi ya watu.

Huko Rakai, katika Uganda, vijiji vya wavuvi vina maambukizo mengi kuliko vya bara, navyo vilidhaniwa kuwa ndiyo chemchemi. Jenomu zikasomwa kwa wingi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Ilionekana kwamba virusi vilivyotoka bara kwenda ufukoni vilikuwa vingi kuliko vilivyotoka ufukoni kwenda bara. Wavuvi walikuwa wakipokea zaidi kuliko walivyotoa.