Kuhuisha Leseni ya Wakala wa Mpira: Habari ya Pemba

Neno wakala lilitoka Uarabuni, nalo lilipofika pwani likageuka. Katika Kiarabu wakala ni ile kazi ya kusimama mahali pa mwingine, na mwenye kuifanya ni wakili. Waswahili wamemwachia wakili mahakama, wakamfanya wakala kuwa mtu, na siku hizi hata mtu amtafutiaye mchezaji timu. Kitenzi cha leseni yake kina utata zaidi. Asemaye "leseni huisha" asema kwamba hufikia ukomo. Asemaye "huisha leseni" aamuru itiwe uhai. Herufi ni zile zile, maana zapingana.

Kisiwani Pemba utata huu haukuwa wa sarufi peke yake. Kwa kanuni za FIFA za mwaka 2008, leseni ilidumu miaka 5, na aliyetaka kuihuisha alirudi mtihanini. Maswali yalikuwa 20: 15 ya sheria za kimataifa, na 5 yaliyotungwa na shirikisho la nchi. Nchi ipi? Zanzibar ina chama chake cha mpira tangu 1926, na timu yake ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995, lakini si mwanachama wa FIFA. Mlango uliokuwapo ulikuwa wa TFF, Dar es Salaam. Basi mtu wa Chake Chake, hata awe awajua wachezaji wa Gombani mmoja mmoja, alipaswa kutahiniwa katika sheria za shirikisho lisilosimamia ligi ya kwao.

Mwaka 2015 leseni ilifutwa. Msimamizi wa mchezaji akawa husajiliwa kwa kila mkataba, na pasipo muda hapana cha kuhuisha. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na Julai ya mwaka huo huo ikautengua uanachama huo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Tumaini la mlango wa nyumbani likafungwa.

Kanuni za 2023 zikairejesha leseni, nayo sasa haiishi. Lakini bila ada ya dola 600 kila mwaka husimamishwa, na hapo haiishi kwa maana ya pili. Ada hupelekwa FIFA moja kwa moja, na katika hilo Mpemba amepata nafuu ya kweli. Mtihani wa mwaka huo, hata hivyo, uliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania.