Rebecca Nurse hakulisikia swali: mchezo wa kumsaka mchawi ulikotoka

Mafia, mchezo uliozaa karibu michezo yote ya kumsaka adui aliyejificha miongoni mwa wachezaji wenyewe, unatimiza miaka 40 mwaka huu kwa hesabu inayokubaliwa na wengi. Miongoni mwa wajukuu wake upo mmoja unaouzwa ndani ya kisanduku chenye umbo la kitabu kikuukuu. Unaitwa Salem 1692, umetolewa na kampuni ya Marekani ya Facade Games, na watu wanne hadi 12 huketi kuucheza wakimtafuta mchawi aliye kati yao. Wanaoupenda katika mikesha ya michezo wana kila sababu ya kuupenda. Lakini majina yaliyochapishwa kwenye kadi zake, Tituba, Giles Corey na wenzao, ni ya watu waliozaliwa, wakashtakiwa, na baadhi yao wakauawa kwa amri ya mahakama. Maadhimisho ya namna hii huwakumbuka wabunifu. Wenye majina nao wana haki ya kukumbukwa.

Tuanze na wabunifu. Dimitry Davidoff alikuwa katika Idara ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1986, na kwa maelezo yake mwenyewe alitaka kuunganisha utafiti wake na kazi ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari. Alichobuni hakikuhitaji dadu wala ubao. Wachezaji wanagawanywa kwa siri: wachache ni wauaji na wanajuana, wengi ni raia wema na hawajui lolote. Usiku ukiingia, kila mtu anafumba macho, kisha wauaji wanayafungua na kumchagua wa kumwondoa. Kukipambazuka, wote waliobaki wanabishana, wanatuhumiana, wanapiga kura, na mmoja anatolewa. Mchezo unaendelea hivyo hadi wauaji waishe, au wawe wengi kiasi cha kutoshindika kwa kura.

Moyo wa mchezo uko hapo. Wengi wana kura lakini hawana habari, na wachache wana habari. Davidoff alitaka kuona nani atashinda, na mara nyingi wachache ndio wanaoshinda, kwa sababu wengi huanza kumalizana wao kwa wao. Kutoka madarasani mchezo uliingia mabwenini, ukaenda kwenye kambi za likizo, kisha ukavuka mipaka. Mwaka 1998 shule ya juu ya Wizara ya Mambo ya Ndani huko Kaliningrad ilichapisha kitabu cha mafunzo kilichoutumia Mafia kufundisha namna ya kusoma uso na mwili wa mtu. Jambo hilo linanitia wasiwasi. Maofisa watakaowahoji raia halisi walikuwa wakifundishwa na mchezo kwamba hofu usoni ina maana.

Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin, mwandishi wa hadithi za kuchezwa kwenye kompyuta, aliwaondoa majambazi na kuweka watu wanaogeuka mbwamwitu usiku. Hoja yake ilikuwa kwamba mafia si jambo linalomgusa kila mtu, ilhali adui anayeonekana mtu wa kawaida mchana ni hofu ya kale. Mwaka 2001 Wafaransa Philippe des Pallières na Hervé Marly walitoa toleo lao la kadi, lenye kijiji cha Thiercelieux. Baada ya hapo matoleo yalimiminika.

Salem 1692 ulitoka mwaka 2015, na ulifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Ulichukua mahali halisi, mwaka halisi, na utaratibu wa kesi halisi. Kila mchezaji hupewa kadi kadhaa zilizofunikwa mbele yake. Nyingi zinasema si mchawi, mojawapo inaweza kusema ni mchawi, na mtu mmoja anashika ya konstebo. Zamu ikifika, mtu anaweza kumtupia mwenzake kadi za tuhuma. Tuhuma zikifika saba, kadi moja ya mtuhumiwa inafunuliwa. Kadi ya ushahidi inahesabiwa kama tuhuma tatu, na ya shahidi ni tuhuma saba kwa mkupuo mmoja. Ikitokea kadi ya njama, kila mtu anachota kadi moja iliyofunikwa kutoka kwa jirani yake, kwa hiyo mtu aliyeanza mchezo akiwa hana hatia anaweza kuumaliza akiwa mchawi bila kutenda chochote. Usiku wachawi wanachagua wa kumuua, na yeyote anayeogopa anaweza kujiokoa kwa kukiri, yaani kufunua kadi yake moja mwenyewe.

Kanuni hiyo ya kukiri haikutungwa kunogesha mchezo tu. Ndivyo ilivyokuwa Salem.

Habari za mwanzo zinajulikana: Januari 1692, katika kijiji cha Salem, koloni la Massachusetts, Betty Parris wa miaka tisa na binamu yake Abigail Williams wa miaka 11 walianza kupatwa na degedege lisiloeleweka nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, na mganga akasema ni mkono wa uovu. Wanawake watatu wakashtakiwa. Tituba, mtumwa wa nyumba hiyo, alihojiwa Machi 1, akakana, kisha akakiri. Alisema ameona kitabu cha shetani chenye alama tisa za waliojiandikisha, akataja wawili tu. Waliobaki wangeweza kuwa mtu yeyote, na kijiji kikaanza kuwatafuta.

Kesi inayonishika kuliko zote ni ya Rebecca Nurse. Alikuwa na miaka 71, mama wa watoto wanane, mshiriki wa kanisa aliyeheshimiwa, mgonjwa, na masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu. Familia yake ilikuwa imevutana na majirani kwa miaka kuhusu mipaka ya mashamba, na miongoni mwa waliomshtaki alikuwamo Ann Putnam, mtoto wa miaka 12 kutoka ukoo waliokuwa wakivutana nao. Majirani karibu 40 walitia saini barua ya kumtetea. Kutia saini barua ya namna hiyo mwaka ule kulihitaji ujasiri, kwa sababu anayemtetea mchawi ndiye anayefuata kutajwa.

Kesi ilisikilizwa mwishoni mwa Juni. Jopo la raia 12, mkuu wao akiwa Thomas Fisk, lilikwenda kushauriana na kurudi na uamuzi kwamba hana hatia. Mara wasichana walioshtaki wakaanza kupiga mayowe na kujitupa ndani ya mahakama. Hakimu mkuu, William Stoughton, alisema hataki kuliingilia jopo, lakini je, walitafakari neno moja alilolitamka mshtakiwa? Deliverance Hobbs, mfungwa aliyekuwa amekiri uchawi, alipoletwa kutoa ushahidi, Nurse alishangaa kwa nini analetwa huyo, maana ni mmoja wao. Mmoja wa akina nani? Wa wafungwa, au wa wachawi?

Fisk alieleza baadaye kwa maandishi yaliyobaki hadi leo kwamba hakujua neno hilo alichukulie vipi. Alirudi mahakamani, akasimama mbele ya yule mama, akamuuliza. Mama hakujibu. Wanajopo wakatoka tena, na waliporudi walisema ana hatia.

Nurse alipojulishwa maana waliyoipa kauli yake, aliandika kwamba alimaanisha Hobbs alikuwa mfungwa mwenzao tu. Na kuhusu kutojibu, alisema masikio yake ni mazito, moyo wake ulikuwa umejaa huzuni, na hakuna aliyemweleza maneno yake yamechukuliwaje hata apate nafasi ya kuyafafanua. Gavana William Phips alimwahirishia adhabu, kisha akaliondoa ahirisho hilo. Julai 3 kanisa lake lilimtenga. Julai 19 alinyongwa pamoja na wanawake wengine wanne.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya Mafia analijua tukio hili. Mtu yuko kimya. Mwenzake anauliza, mbona hasemi? Aliyenyamaza anachelewa sekunde mbili kujibu, na sekunde hizo zinakuwa ushahidi. Akijieleza sana, anajitetea mno. Akicheka, anaficha kitu. Mezani tunafanya hayo kwa furaha, na hakuna ubaya. Stoughton na jopo lake walifanya hayohayo kwa mtu, huku barua ya majirani waliomfahamu kwa miaka mingi ikiwa imewasilishwa.

Turudi kwenye kukiri. Kati ya watu karibu 200 walioshtakiwa, zaidi ya 50 walikiri, na hakuna aliyenyongwa akiwa bado anashikilia ungamo lake. Tituba alikiri, akakaa gerezani zaidi ya mwaka, akatoka hai. Samuel Wardwell alikiri, dhamiri ikamsuta, akaikana kauli yake, na Septemba 22 akanyongwa. Giles Corey, mkulima wa miaka ipatayo 80, alikataa kabisa kukubali kushtakiwa. Sheria ya Kiingereza ilikuwa na dawa ya ukaidi huo: alilazwa chini, akawekewa mbao juu, na mawe yakapangwa juu yake hadi alipokufa Septemba 19. Walionyongwa jumla ni 19, wanawake 14 na wanaume watano. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Waliokufa kwenye kitanzi ni wale waliokataa kusema uongo, na hilo Salem 1692 umelipata barabara: mezani, asiyekiri ndiye anayebaki hatarini usiku.

Kuna jambo moja tu ambalo mchezo huu, na ukoo wake wote tangu Moscow, unalikosea, na ni kubwa. Mezani mchawi yupo. Kadi yake imegawiwa, mtu ameishika, na ubishi wote una jibu linalosubiri kufunuliwa. Salem hapakuwa na kadi hiyo mikononi mwa mtu yeyote. Wachezaji wote walikuwa raia wema, na bado watu 20 waliuawa. Ningependa kila kundi linalomiliki kisanduku hicho lijaribu raundi moja ambayo mgawaji ameziondoa kadi zote za mchawi bila kuwaambia wenzake. Naamini watatuhumiana vilevile, na nguvu za hoja zao hazitapungua hata kidogo.

Massachusetts ilichukua muda kuomba radhi. Phips aliivunja mahakama maalumu iliyosikiliza kesi hizo Oktoba 1692. Januari 1697 hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani, ungamo lake la aibu likasomwa mbele ya waumini, na wanajopo 12, Fisk akiwa wa kwanza kwenye orodha, walitia saini kwamba walikosea na kwamba damu isiyo na hatia imewalemea. Mwaka 1706 Ann Putnam, sasa mtu mzima, aliomba radhi kanisani akimtaja Nurse na dada zake. Mwaka 1711 familia zililipwa fidia. Nyumba ya Nurse bado imesimama Danvers, jina la sasa la kilichokuwa kijiji cha Salem, na ni makumbusho.

 

Na Julai 2022 sheria ilimsafisha Elizabeth Johnson, aliyekuwa na miaka 22 alipokamatwa, akahukumiwa kifo mwaka 1693 na kunusurika kitanzi. Sheria za 1957 na 2001 zilizowasafisha wengine zilimsahau, na hakuacha uzao wa kumsemea. Waliomsemea ni wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover, waliozichambua nyaraka za kesi, wakawaandikia wabunge, wakasukuma mpaka jina lake likaingia.

Ninapowafikiria wanafunzi hao, nafikiria kwetu. Mei 2008, Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa miaka mingi ya kupika. Kilifi wazee wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze, kuokoa roho zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo kijana wa ukoo analitaka, kama ilivyokuwa kwa majirani wa Nurse. Hatuwezi kusema hatukuwa na karne tatu za mfano wa Salem mbele yetu.

Watoto wa North Andover walifanikiwa kwa sababu makarani wa 1692 waliandika majina, siku na maneno, na nyaraka zikahifadhiwa. Mwanafunzi wa Kisii au wa Shinyanga anayetaka kuwafanyia hivyo wazee wa kwao angepaswa kupewa mahali pa kuanzia. Polisi, machifu, ofisi za kata na mahakama zetu wana mafaili ya kesi hizi. Yafunguliwe kwa shule na kwa familia sasa, mashahidi wangali hai.