Kadogo, Ongwen, na neno "sikuchagua"

Historia ya leo inatoka kaskazini mwa Uganda, ila ilianzia hapa hapa Nsambya, kwenye kikao chetu cha Jumamosi, na nusura itugombanishe.

Mmoja wetu (jina tunaliacha, na yeye mwenyewe amekubali tuandike) alikuwa anajiandaa kwa intavyu ya kuomba ukimbizi. Alituomba tumsaidie kupanga maelezo yake vizuri. Alipofika kwenye mwaka aliokaa porini na watu wenye silaha, akiwa na miaka 14, akanyamaza. Halafu akauliza: hii niseme ao niruke? Maana mtaani kuna maneno kwamba ukikubali ulishika bunduki, basi faili lako limekwisha. Na maneno hayo hayakutoka hewani. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 vyote vinamkatalia ukimbizi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alifanya uhalifu wa kivita. Yeye alisema tu: "Miye sikuchagua. Balinibeba."

Dada mmoja, ambaye kijiji chao kilichomwa, akamjibu bila kumwangalia kwamba waliochoma kwao pia walikuwa watoto waliobebwa.

Hapo kikao kilikufa. Wengine walikuwa upande wa kaka, wengine upande wa dada, na wengine tuliinama tukijifanya tunaangalia simu. Ndiyo maana wiki hii tumeamua kusoma habari za mtu ambaye neno hilo la "sikuchagua" lilipelekwa naye mpaka mahakamani, likasikilizwa na majaji kwa miaka: Dominic Ongwen.

Kwanza turudi kwetu kidogo. Sisi tunaotoka Kivu na Ituri tuna jina letu la mambo haya, na ni la Kiswahili: kadogo. Mwaka 1996, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipopita Uvira, Bukavu na Goma, ilikuwa imejaa watoto wenye bunduki. Mei 1997 waliingia Kinshasa wakiwa na mabuti ya mpira, na watu wakawashangilia barabarani. Januari 2001 Kabila mwenyewe alipigwa risasi na mlinzi wake, ambaye anatajwa kuwa mmoja wa makadogo wale wale. Jina kadogo linamfanya mtoto aonekane kama kitu cha kubebwa mkononi, kisicho na akili yake wala kosa lake. Shida ni kwamba kadogo anakua.

Ongwen alikua. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alikamatwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony akiwa njiani kwenda shule huko Acholi. Hakuwa peke yake. Maelfu ya watoto walichukuliwa kaskazini katika vita vile, mpaka ikafika wakati kila jioni watoto walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, kwenye veranda na viwanja vya hospitali, asubuhi wanarudi nyumbani. Waliobaki porini walifundishwa kwa fimbo na kwa kulazimishwa kuua. Aliyejaribu kutoroka aliuawa, na mara nyingine waliotakiwa kumuua ni watoto wenzake.

Ongwen hakutoroka. Alipanda vyeo mpaka akawa kamanda wa brigedi iliyoitwa Sinia. Kati ya Oktoba 2003 na Juni 2004 wapiganaji wa LRA walishambulia kambi za watu waliokimbia vita, Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na mahakama ilimkuta na hatia kwa kambi zote nne. Odek ni nyumbani kwa Kony mwenyewe. Raia waliuawa, nyumba za nyasi zikachomwa na watu ndani, watoto wakachukuliwa kama alivyochukuliwa yeye. Na nyumbani kwake porini kulikuwa na wasichana waliotekwa, wakagawiwa kwake kama "wake". Hapa tunaomba msimame kidogo. Tunapobishana kuhusu Ongwen tunapenda kuongea vita na kambi, hawa wasichana tunawaruka. Wao pia walibebwa njiani. Wao pia hawakuchagua. Lakini hakuna aliyewapa brigedi.

ICC ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005, pamoja na Kony na makamanda wengine watatu. Januari 2015 alijitokeza huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapelekwa The Hague. Kesi ilianza Desemba 2016 na mashtaka 70. Alipoulizwa, alikana yote, akasema waliofanya mambo hayo ni LRA, na yeye si LRA, kwa sababu naye ni mmoja wa waliotendewa. Mawakili wake waliweka hoja mbili: akili yake iliharibiwa na porini, na alikuwa chini ya tishio la kuuawa muda wote. Februari 2021 majaji walizikataa zote mbili. Walisema watu wengi walitoroka LRA, kwamba yeye kama kamanda alikuwa na nafasi ya kuondoka, na kwamba hakuwa anatii kila kitu anachoambiwa na Kony. Hatia 61 kati ya 70. Mei mwaka huo akapewa miaka 25, rufaa ikakataliwa Desemba 2022, na sasa anatumikia kifungo Norway.

Miaka 25 ni namba ya ajabu ukiitazama vizuri. Walipokuwa wanatafuta kama ana hatia, utoto wake haukumsaidia chochote. Walipokuwa wanapanga kifungo, utoto ule ule ulimpunguzia, maana mawakili wa waathirika walikuwa wanataka kifungo cha maisha. Yaani mahakama ilisema: ulichagua, lakini tunajua ulikotolewa. Wengine wetu waliona huo ni ujanja. Wengine, na hapa tulikuwa wengi zaidi, tuliona ni jibu la kwanza la kweli tulilosikia tangu Jumamosi.

Hata hivyo kuna jambo linalotusumbua kwenye hoja ya "wengine walitoroka". Ni rahisi kuisema ukiwa umekaa kwenye kiti The Hague. Waliotoroka wakafanikiwa tunawajua kwa sababu walifika. Waliotoroka wakakamatwa hawakuja kutoa ushahidi.

Mahakama hiyo hiyo, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, Machi 2012, ilimkuta Thomas Lubanga wa Ituri na hatia ya kuingiza watoto chini ya miaka 15 jeshini na kuwatumia vitani. Katika kesi hiyo mtoto mwenye bunduki ni mwathirika, na sheria ya ICC hairuhusu kumshtaki mtu kwa jambo alilofanya kabla ya kutimiza miaka 18. Sasa weka kesi mbili pamoja. Mtoto yule yule, pori lile lile, bosi yule yule anayemtisha. Siku moja kabla ya kutimiza 18 mahakama hiyo haiwezi kumshtaki. Siku inayofuata anaweza kuwa mhalifu. Nani kati yetu aliamka siku yake ya 18 akakuta hiari imewekwa kando ya mto wa kulalia? Sheria lazima ichore mstari mahali fulani, tunaelewa. Lakini mstari wa sheria si lazima uwe mstari ulioko ndani ya mtu.

Na bado kuna bahati. Uganda ilipitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000, na zaidi ya watu 26,000 waliotoka kwenye makundi ya waasi walipewa cheti, wakarudi nyumbani. Si askari wadogo tu. Sam Kolo, brigedia wa LRA na msemaji wake, alijisalimisha 2005, akapata msamaha, baadaye akasoma chuo kikuu Gulu. Thomas Kwoyelo yeye alikamatwa akiwa amejeruhiwa kule Garamba, Congo yetu, mwaka 2009. Naye alichukuliwa 1987, naye akienda shule. Aliomba msamaha akanyimwa. Mahakama ya Katiba hapa Kampala ikasema 2011 kwamba ametendewa tofauti na wenzake, kesi isimame. Mahakama ya Juu ikapindua 2015. Alikaa rumande miaka na miaka, hukumu ikatoka Agosti 2024, na Oktoba akapewa miaka 40. Kwa hiyo tuna watu watatu wa jeshi moja: mmoja ana cheti, mmoja yuko Norway, mmoja yuko jela hapa Uganda. Wawili kati yao walibebwa mwaka mmoja, kwa njia moja. Kilichowatenganisha kwa sehemu ni matendo yao, lakini kwa sehemu kubwa tu ni tarehe, na nani aliwafikia kwanza.

Tulipofika hapo tulikuwa tumechoka, na mtu akapendekeza tuwaulize wenyewe. Kampala ina mtaa unaoitwa Acholi Quarter, upande wa Banda na Kireka, ambako watu wengi waliokimbia vita ya Kony walikaa wakawa wanaponda mawe. Tulikwenda watano, kwa teksi mbili, tukaongea na wazee kwa Kiingereza chetu kibovu na Kiganda chetu kibovu zaidi. Tuliuliza swali letu kubwa: Je, aliyelazimishwa ana hatia? Mzee mmoja alituangalia kama watu waliouliza bei ya mvua. Akasema kwao hawaanzii hapo.

Wanaanzia wapi? Waacholi wana desturi mbili ambazo tulikuwa tunazichanganya. Ya kwanza ni nyono tong gweno, kukanyaga yai: mtu aliyekuwa mbali muda mrefu anakanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani. Waliorudi kutoka porini walifanyiwa hivyo kwa wingi. Hapo hakuna anayeuliza ulifanya nini. Ya pili ni mato oput, kunywa dawa chungu ya mti wa oput, na hiyo ni ya damu. Muuaji lazima aseme ukweli wote, ukoo wake ulipe fidia kwa ukoo wa marehemu, kisha pande zote mbili zinywe ule uchungu pamoja. Na jambo lililotushtua ni hili: mato oput inafanywa hata kama uliua kwa bahati mbaya. Kukusudia au kutokusudia kunabadilisha mengine, lakini deni liko pale pale. Mtu amepungua upande ule, na mkono ulikuwa wako.

Ongwen aliomba mato oput izingatiwe, majaji wakakataa kuiweka mahali pa kifungo. Tunadhani walikuwa sahihi, kwa sababu si waathirika wote ni Waacholi, na si wote walitaka. Lakini ile fikra hatutaki kuitupa.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote. Kila mtu atamwambia si wewe. Lakini dereva ambaye angekubali haraka, akasema kweli si mimi, akaendelea kula, tungemwona ana kasoro. Sisi tunaopanda boda kila siku tunalijua hilo bila kitabu. Lawama ni kitu kimoja, deni ni kitu kingine, na Jumamosi ile tulikuwa tunayaita yote kwa jina moja. Kaka alikuwa anakataa lawama, dada alikuwa anadai deni. Walikuwa hawajibizani hata.

Februari 2024 ICC iliamuru fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa karibu waathirika elfu 50 wa Ongwen. Yeye hana hata senti, kwa hiyo mfuko wa mahakama unatafuta wafadhili. Wa Odek na Lukodi wanangoja. Mzee wa Acholi Quarter angeuliza: ukoo wake uko wapi? Na ukoo wa waliomwacha mtoto wa miaka tisa abebwe njiani uko wapi?

Turudi kwa kaka yetu. Aliongea na mwanasheria wa msaada wa bure, akaambiwa kwamba mtoto aliyelazimishwa hahesabiwi kama kamanda, na kwamba kuficha kunaharibu faili kuliko kusema. Bado anaogopa, na sisi pia. Intavyu ni mwezi ujao. Anayemwandikia maelezo kwa Kiingereza ni yule dada, maana ndiye mwenye Kiingereza kizuri. Wanakaa meza moja Jumatano jioni, hawaongei sana. Sehemu ya porini iko ukurasa wa pili, na dada amemrudishia mara mbili aiandike upya, kwa sababu alikuwa ameandika kwamba nyumba "zilichomwa" bila kusema na nani.