Maumivu ya mifupa na viungo: yapi yasubiri, yapi yakimbizwe hospitali

Katika nchi za Maziwa Makuu, mtu akilalamikia goti, kiuno au vidole, jibu la haraka aghalabu huwa moja: "Hiyo ni baridi." Neno hilo limebebeshwa magonjwa mengi yasiyofanana. Bibi ambaye goti lake limechakaa, mzee ambaye kidole gumba cha mguu kimevimba ghafla usiku, na mtoto wa miaka mitatu ambaye nyonga yake imejaa usaha, wote huweza kuambiwa wana baridi, na wote wakachuliwa kwa mafuta. Wa kwanza ana nafasi ya kusubiri siku ya kliniki. Wa tatu hana hata usiku mmoja wa kupoteza. Makala haya yanaeleza magonjwa ya mifupa na viungo yanayoonekana mara kwa mara, na jinsi ya kutofautisha lile linaloweza kungoja na lisiloweza.

Mfupa ni kiungo hai

Mtu mzima ana mifupa 206. Kila mfupa una damu, neva na chembe hai zinazoujenga na kuubomoa maisha yote. Pale mifupa miwili inapokutana, ncha zake hufunikwa na gegedu, utando laini na mgumu kiasi, nao ute hulainisha mwendo wake. Gegedu likiharibika, mwili hauna uwezo mkubwa wa kulitengeneza upya.

Mifupa ya mtoto ina jambo la ziada. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini ambayo mfupa hurefukia. Maambukizi au jeraha likiiharibu sehemu hiyo, mguu mmoja huweza kubaki mfupi au kupinda kadiri mtoto anavyokua. Ndiyo maana ugonjwa uleule hauna uzito sawa kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Mguu kifundo

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani na chini. Hali hii haitokani na laana wala kosa la mama, nayo hutibika. Njia inayotumika zaidi duniani ilibuniwa na Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani. Mtaalamu huunyoosha unyayo taratibu kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya nyuma ya kisigino, halafu hufungwa plasta ya mwisho kwa muda wa wiki tatu.

Hapo kazi ya familia ndiyo huanza. Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fito kwa saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala tu hadi afikie umri wa takriban miaka minne. Wazazi wengi huviacha viatu hivyo wanapoona mguu umenyooka, na hiyo ndiyo sababu kuu ya mguu kurudi kupinda. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi: tiba huwa nyepesi zaidi ikianza katika wiki za mwanzo za maisha.

Uganda na Malawi ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia kuwafundisha njia hii maafisa tabibu wa mifupa, badala ya kuwaachia madaktari bingwa peke yao. Katika ukanda huu, hospitali zinazohudumia watoto wa aina hii ni pamoja na CoRSU iliyoko Kisubi nchini Uganda, CCBRT jijini Dar es Salaam, CURE iliyoko Kijabe nchini Kenya, na kituo cha Rilima katika wilaya ya Bugesera nchini Rwanda.

Matege

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto wengi huwa na matege hadi karibu na umri wa miaka miwili, kisha magoti huelekea kugusana wakiwa na miaka mitatu au minne, na miguu hunyooka kufikia miaka saba hivi. Linalohitaji uchunguzi ni tege la mguu mmoja tu, tege linalozidi baada ya miaka miwili, au tege linaloandamana na maumivu, uvimbe wa vifundo vya mikono au kudumaa.

Kupinda huko huweza kusababishwa na upungufu wa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa msaada wa jua, au upungufu wa madini ya kalsiamu. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wengi wenye matege walipata nafuu zaidi walipopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko walipopewa vitamini D pekee. Jua, basi, halitoshi. Maziwa husaidia, na vivyo hivyo dagaa wanaoliwa na mifupa yao, wale ambao kandokando ya Ziwa Tanganyika huitwa ndagala.

Usaha ndani ya mfupa au kiungo

Huu ndio ugonjwa wa dharura. Bakteria husafiri kwa njia ya damu na kutua ndani ya mfupa au kiungo cha mtoto. Mtoto hupata homa, hukataa kukanyaga, na hulia mguu wake unapoguswa au kusogezwa. Mtoto mchanga huenda asiwe na homa kali. Dalili huweza kuwa mguu au mkono mmoja usiochezeshwa kama mwingine.

Kwa kuwa watoto huanguka kila siku, anguko ndilo husingiziwa, na mtoto hupelekwa kuchuliwa. Kumchua humwongezea maumivu na kumpotezea wakati, ilhali usaha huweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Tiba ni dawa za kuua bakteria na, mara nyingi, upasuaji wa kuondoa usaha. Akicheleweshwa, nyonga yaweza kuharibika kabisa, au kipande cha mfupa kikafa na kidonda kikatoa usaha kwa miaka.

Watoto wenye selimundu wako hatarini zaidi. Kuvimba kwa viganja na nyayo kwa mtoto mdogo kwaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa huo wa kurithi, na ni sababu ya kuomba kipimo cha damu.

Yapo pia maumivu ya kawaida ya umri wa kukua. Hayo huja jioni au usiku, katika miguu yote miwili, na asubuhi mtoto hukimbia bila kuchechemea. Mtoto anayechechemea mchana hana maumivu ya kukua.

Magonjwa ya watu wazima

Uchakavu wa viungo ndio unaoenea zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 528 walikuwa nao mwaka 2019, asilimia 60 wakiwa wanawake. Goti huuma linapotumika na hupata nafuu likipumzishwa. Kupunguza uzito, kuimarisha misuli ya paja na kutumia mkongojo husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Baridi yabisi ni ugonjwa tofauti. Kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, hasa vidole na viganja vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi huweza kudumu zaidi ya saa moja. Una dawa zake mahususi, na kuanza mapema huzuia vidole kupinda.

Jongo hutokana na chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Bia, nyama nyekundu, maini na figo huchochea shambulio. Hata dagaa wanaomjenga mtoto, wakiliwa kwa wingi, huweza kumwamsha usiku mwenye jongo.

Maumivu ya mgongo yasiyoisha kwa wiki kadhaa, yakiandamana na kukonda, jasho la usiku au miguu kukosa nguvu, yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama mgonjwa hakohoi. Dawa zake hutumiwa kwa miezi 6 hadi 12. Zikikawia, pingili za uti huporomoka na mgonjwa hupata kibiongo au kupooza.

Tahadhari ya dawa za dukani

Diklofenaki ikimezwa kila siku bila ushauri huleta vidonda vya tumbo na huweza kudhuru figo. Prednisoloni na deksamethasoni hutuliza maumivu haraka, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja. Aliyekwisha kuzitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla. Amwone daktari azipunguze kidogo kidogo.

Usingoje kesho

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa:

- mtoto ana homa na hawezi kukanyaga au kusogeza mkono au mguu;
- kiungo kimoja kimevimba ghafla, ni cha moto na hakigusiki, hata kwa mtu mzima;
- maumivu ya mgongo yameandamana na miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja;
- mzee ameanguka na hawezi kusimama.

Ukifika, mweleze mhudumu siku maumivu yalipoanza, kama kuna homa, na kama mgonjwa amechuliwa au amemeza dawa yoyote. Maelezo hayo humsaidia kujua kama ana muda wa kusubiri vipimo au la.