Ukolezi wa Chumvi: Istilahi ya Mfugaji wa Samaki wa Baharini

Mkazi wa Dar es Salaam akisema maji fulani ni ya chumvi, mara nyingi anazungumzia kisima ambacho maji yake hayatoi povu la sabuni. Mwenye maumivu ya koo akiambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, hutia chumvi ya mezani katika bilauri ya maji vuguvugu. Mvuvi naye akitaja samaki wa maji chumvi, anakusudia bahari. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea, maana muktadha unatosha. Anayepotea ni mtu wa Dodoma, Nairobi au Kigali aliyenunua tangi la kioo afuge samaki wa baharini, kisha akapewa maelekezo yanayosema tu "changanya maji ya chumvi".

Istilahi anayoihitaji mtu huyu ni ile ambayo Kiingereza huiita "salinity". Kwa Kiswahili husikika "chumvichumvi", "kiasi cha chumvi" na "ukolezi wa chumvi", na watu huzitumia kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Chumvichumvi ni sifa ya ladha. Hulifaa shamba lililoharibika au kisima, lakini huwezi kuibandikia namba. Kiasi cha chumvi hupokea namba, ila namba yenyewe haitoshi: kilo nne ni kiasi, lakini je, zimetiwa katika lita 50 au lita 200?

Ukolezi ndilo neno lenye kazi. Mpishi anapoonja mchuzi na kusema chumvi imekolea, hahesabu vijiko. Anapima chumvi dhidi ya mchuzi uliomo chunguni. Kemia imelichukua neno hilohilo kutaja uwiano wa kitu kilichoyeyuka na myeyuko mzima. Hivyo maji ya bahari yenye ukolezi wa chumvi wa 35 kwa elfu ni yale ambayo kila kilo yake ina gramu 35 za chumvi na gramu 965 za maji. Bahari ya Hindi kwenye mwambao wetu iko karibu na kiwango hicho. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu hufika 40 hivi, na juu ya Bahari ya Baltiki sehemu kubwa ni 7 au 8. Tangu mwaka 1978 wataalamu wa bahari hupima ukolezi huu kwa namna maji yanavyopitisha umeme, na huandika namba tupu bila kizio. Mfugaji hahitaji kwenda mbali hivyo. 35 kwa elfu inamtosha.

Neno chumvi lenyewe nalo linataka uangalifu. Umbo lake halibadiliki katika wingi, ila upatanisho hubadilika, na hapa upatanisho una maana kubwa: tuandike chumvi za bahari. Mwaka 1884 mwanakemia William Dittmar alichapisha uchunguzi wa sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya kuzunguka bahari za dunia, 1872 hadi 1876. Alithibitisha kwamba ukolezi hutofautiana toka bahari moja hadi nyingine, ilhali uwiano wa chumvi kuu zenyewe kwa zenyewe karibu haubadiliki. Kloridi, sodiamu, salfeti, magnesiamu, kalsiamu na potasiamu hufanya zaidi ya asilimia 99 ya vyote vilivyoyeyuka.

Basi chumvi ya mezani, hata ukiitia mpaka kipimo kikasoma 35, haikupi bahari. Ni kloridi ya sodiamu, pengine imeongezwa madini joto. Matumbawe hayapati humo kalsiamu wala kaboneti ya kujengea mifupa yao. Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyewazoesha watu kufuga viumbe vya bahari majumbani, alilijua hilo katika miaka ya 1850: maji yake ya kutengeneza yalikuwa na chumvi nne. Kwa hiyo sipendi kabisa usemi "kuchanganya maji ya chumvi" katika mwongozo wa tangi. Kazi hii ni kutengeneza maji ya bahari, na mwongozo useme hivyo.

Kazi yenyewe huanza na maji safi, yaliyopitishwa kwenye chujio la osmosisi kinyume au yaliyotoneshwa. Maji ya bomba huwa na klorini, na ya kisima huja na madini yake yanayovuruga hesabu. Chumvi za bahari za pakiti hutiwa ndani ya maji, kidogokidogo, pampu ikiwa inazungusha. Ukigeuza, ukamimina maji machache juu ya chumvi nyingi, utaona ukungu mweupe kama chokaa usiotoweka, na baadaye vumbi jeupe limetulia chini. Hiyo ni kaboneti ya kalsiamu iliyogeuka mashapo, na chakula cha matumbawe kimepotea kabla hayajafika. Kuongeza chumvi zaidi hakutayarudisha mashapo hayo katika maji.

Pakiti nyingi huelekeza gramu 36 hadi 40 kwa lita, si 35. Sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya chumvi hizo, kama kloridi ya magnesiamu, zimeshika maji ndani ya fuwele zake. Sababu nyingine ni kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja. Tangi jipya lisilo na kiumbe unaweza kuchanganyia humohumo. Likishakuwa na viumbe, changanyia ndooni. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 ni lita 250 likiwa tupu, lakini mchanga na mawe vitachukua nafasi. Anza na chumvi pungufu ya hesabu, acha pampu izunguke hadi maji yawe maangavu kabisa na joto lifike nyuzi 25, ndipo upime.

Vipimo vina lugha yake. Haidromita, ile inayoelea, husoma uzito linganishi, yaani uzito wa maji haya dhidi ya maji matupu. Namba 1.026 katika nyuzi 25 ni takriban sawa na ukolezi wa 35 kwa elfu. Joto likibadilika, usomaji nao hubadilika. Rifraktomita hutaka tone moja tu: unachungulia kwenye mwanga na kusoma mahali buluu inapokutana na weupe. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa myeyuko wa kloridi ya sodiamu, hivyo maji ya bahari ya 35 huonekana kama 36 na nusu hivi. Zirekebishe kwa myeyuko maalumu wa 35, usitegemee maji yaliyotoneshwa peke yake.

Faida ya kushika neno ukolezi huonekana zaidi wiki zinazofuata. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 lenye ukolezi wa 35 likipoteza lita tano, kiasi cha chumvi ni kilekile, lakini ukolezi umekaribia 37. Anayefikiria kiasi cha maji tu atajaza kwa maji ya bahari aliyotengeneza, na kila akijaza ataupandisha ukolezi. Wa kwanza kuumia ni kiti cha pweza na jamaa zake, kwa kuwa miili yao haina njia ya kuzuia maji yao ya ndani yasifuate ukolezi wa nje. Kilichopungua ni maji matupu, na ndiyo ya kurudisha.

Ninawaomba wanaofasiri maelekezo ya pakiti na wanaouza matangi mijini mwetu waandike "ukolezi wa chumvi 35 kwa elfu, katika nyuzi 25", na wataje chumvi za bahari kwa wingi wake. Mnunuzi akikuta "kiasi cha chumvi" bila namba ya lita, amrudie muuzaji aulize kabla hajafungua pakiti.