Kutaimu moto: vitenzi vilivyozaliwa gereji

Msomaji mmoja wa ukumbi huu amenilalamikia kwamba Kiswahili cha gereji si Kiswahili. Kila kitu, anasema, ni cha kuazima: kabureta, plagi, pointi, distributa, koili. Kuhusu nomino sina ugomvi naye. Ila amesahau kusikiliza vitenzi, na historia yenyewe imo humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ami yangu alikuwa na lori kuukuu aina ya Bedford, la petroli, injini ya silinda sita. Kazi yake ilikuwa kubeba viazi kutoka Molo. Injini ilishushwa Nakuru, silinda zikachongwa, pistoni na ringi zikatiwa mpya. Siku ilipofungwa ilishika kwa kusitasita, ikatoa moshi mweusi, ikapiga mshindo kwenye kabureta, ikazima. Ami, ambaye tayari alikuwa na deni la vipuri, alikaa kwenye tairi kuukuu bila kusema neno.

Fundi, mzee aliyejifunza kazi jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hakushtuka. "Injini ni nzima," alisema. "Haijataimiwa." Aliziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole gumba, spanaboi akazungusha injini kwa hendeli mpaka upepo ukakisukuma kidole nje. Akatazama alama kwenye flaiwili. Kisha akaunga balbu ndogo kwenye waya wa koili, akazungusha distributa polepole hadi balbu ikawaka. Hapo ndipo pointi zinapofunguka, na zikifunguka ndipo cheche inaporuka. Nyaya za plagi alizipanga upya akikariri kwa sauti: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Kwa nini jambo dogo hivyo lizuie lori zima? Petroli haiwaki yote mara moja. Moto huchukua muda kuenea ndani ya silinda. Kwa hiyo cheche sharti itangulie kidogo kabla pistoni haijafika juu. Ikitangulia mno, injini inagonga na pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, nguvu inapotelea kwenye ekzosi, lori linapanda mlima likihema na rejeta inachemka. Kabureta nayo ina hesabu yake: takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzani. Mzee hakuwa na kipimo chochote cha hesabu hiyo. Alikaza skrubu ya mafuta hadi injini ikaanza kukohoa, akailegeza hadi ikalewa, halafu akatafuta katikati kwa sikio.

Sasa tazama maneno yake. Injini inashika, inakohoa, inalewa, inagonga, inahema, inavuta. Moto unapelekwa mbele au unarudishwa. Karibu vyote si vya kuazima. Kila kitenzi kinataja ugonjwa mmoja mahsusi, na kila ugonjwa una dawa yake. Kukohoa ni upungufu wa mafuta. Kulewa ni wingi wake. Daktari angeziita dalili, na angeandikiwa kitabu.

Vitenzi hivi vilitoka wapi? Kabureta ya kunyunyiza petroli ilibuniwa na Wilhelm Maybach, Mjerumani, mwaka wa 1893. Mnamo 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch, akatengeneza magneto yenye nguvu ya kutosha kurusha cheche kwenye plagi. Lakini gari lililozoeza watu wengi zaidi kazi ya kutaimu lilikuwa Ford Model T, lililoundwa kati ya 1908 na 1927. Chini ya usukani wake kulikuwa na vijiti viwili: cha kulia cha mafuta, cha kushoto cha moto. Dereva alitaimu cheche kwa mkono wake mwenyewe, safari nzima. Na kabla ya kuzungusha hendeli ilimbidi arudishe moto, kwani asipofanya hivyo injini iliweza kupiga teke kinyumenyume na kumvunja mkono. Kujua kitenzi hicho, kwa lugha yoyote, kulikuwa kinga ya mifupa.

(Hilo neno usukani, kwa njia, lilitoka baharini. Ni usukani wa jahazi, na asili yake Kiarabu. Mabaharia walitangulia kutukopesha.)

Magari ya Ford yalifika nchini mapema, na gereji nyingi za mwanzo zilikuwa mikononi mwa mafundi Wahindi, wengi wao Masingasinga kutoka Punjab. Mkikuyu au Mluo aliyeshika spana humo hakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza na tajiri wake isipokuwa Kiswahili, na tajiri naye vivyo hivyo. Kisha ikaja vita. Kati ya 1939 na 1945 jeshi liliwafundisha maelfu ya Waafrika udereva na umakanika, likawapeleka Abisinia, Madagaska na Burma. Viwanda vya Bedford nchini Uingereza viliunda malori zaidi ya 250,000 wakati huo. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili kile cha askari, KiKAR, ambacho wasomi walikicheka kwa kuvunja ngeli. Naam, kilizivunja. Lakini mtu hawezi kurekebisha kabureta kando ya barabara, usiku, bila kuelewana na mwenzake, na wale walielewana.

Mwaka huohuo wa 1939 ndipo kamusi maarufu ya Frederick Johnson ilipochapishwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Simlaumu Johnson, kazi yake bado inatufaa. Ninachosema ni kwamba usanifishaji ulitazama pwani na vitabu, ilhali istilahi ya moto na mafuta ilikuwa ikipikwa bara, chini ya malori. Baadaye kamusi zilipoikumbuka gereji zilichukua nomino. "Kabureta" tunayo. Lakini mwanafunzi atajifunza wapi kwamba injini "imelewa"?

Mzee yule alifahamu jambo jingine lililotokana na ardhi yetu hii. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mombasa iko ufukweni. Hewa ya Molo ni nyepesi, hivyo kabureta iliyowekwa sawa pwani italewa huko juu, na moto unaweza kupelekwa mbele kidogo bila injini kugonga. Lori likishuka, mambo hugeuka: hewa ni nzito, joto ni kali, injini inagonga. Ami alikuwa amepata mteja wa Mombasa. Mzee akampa jeti mbili ndani ya kiberiti, akampigia alama mbili za patasi kwenye shingo ya distributa, na maagizo: "Ukishuka, rudisha moto, ongeza mafuta. Ukipanda, peleka moto mbele, punguza mafuta." Ami alilipa deni lake lote kwa njia hiyo ya Mombasa.

Miaka kadhaa baadaye mzee alishauriwa afanye mtihani wa ufundi apate cheti, ili aajiriwe kwenye karakana kubwa. Sehemu ya vitendo aliimaliza kabla ya wenzake. Karatasi ya maswali ilikuwa ya Kiingereza. Aliirudisha kama alivyoipokea, akaenda zake. Sijui kama aliyempa sifuri aliwahi kusikia injini ikikohoa.

Malori ya petroli yalipisha ya dizeli, ambayo hayana kabureta wala plagi. Magari madogo nayo yakaingia teknolojia ya kupuliza mafuta kwa kompyuta, na fundi wa leo huchomeka mashine na kusoma makosa kwa herufi na tarakimu. Kabureta imebaki hasa kwenye pikipiki za bodaboda. Juzi nilisimama kwa fundi wa pikipiki, kijana wa miaka ishirini hivi, nikamsikia akimwambia mwenye boda: "Hii imelewa, ndio maana inakula mafuta." Nilifurahi mno, nikamuuliza kama anajua kurudisha moto.

"Kurudisha wapi?"

Nikamweleza habari za pointi, balbu na distributa. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanionyesha kijisanduku cheusi chini ya kiti, kimezibwa kote kwa plastiki.

"Moto inatoka hapa, mwalimu," alisema. "Na hii haifunguliwi."