"Sonona ni ugonjwa wa wazungu": haya maneno tumeyatoa wapi?

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Mara mitihani ya majaribio, mara desa halionekani, mara bumu limechelewa, yaani mambo yaleyale mnayoyajua. Lakini leo silalamikii bumu. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu semista iliyopita, na kulifuatilia kwake kumenipeleka kwenye historia ambayo darasani hatukuipata, na mimi ndiye ninayesomea kufundisha Historia!

Semista iliyopita jamaa ninayekaa naye chumbani aliacha kwenda lekcha. (Nimempigia simu kumwomba ruhusa kabla ya kuandika. Kasema andika tu, ila jina usiweke.) Alianza kwa kulala mchana. Halafu akawa hali vizuri. Usiku nikiamka namkuta amekaa kitandani, macho ukutani. Chumbani tuko wanne na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema demu kamwacha, mwingine akasema katupiwa kitu huko kwao. Siku moja jamaa mwenyewe akasema amesoma mahali kuhusu sonona, akahisi ndiyo inayomsumbua. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, sonona ni ugonjwa wa wazungu. Sisi watu wa ugali tutaipatia wapi?" Chumba kizima kikacheka. Naye akacheka kidogo, akageukia ukutani.

Wiki mbili baadaye mjomba wake akaja kumchukua, ameahirisha mwaka. Nilimwamkia yule mzee, nikamsaidia kubeba begi hadi getini. Akanishika mkono akasema, "Asante sana mwanangu kwa kumwangalia mwenzio." Jamani, sikuwa na la kujibu. Niliitikia tu.

Basi nikaanza kujiuliza: ile kauli niliitoa wapi? Hakuna aliyenifundisha. Nimeikuta tu hewani, kama tunavyoukuta ule utani wetu wa "mpelekeni Milembe". Nikaingia maktaba, na nilichokikuta kimenishangaza. Zamani kauli hiyo haikuwa ya vijiweni. Ilikuwa kauli ya madaktari, imeandikwa kwenye vitabu na kupigwa mhuri.

Tuanzie Nairobi. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua pale nyumba ya kuwaweka vichaa, kwenye majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa hospitali ya Mathari. Ndani watu waligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na huduma nazo zilitofautiana kwa mpangilio huohuo. Miaka ya 1930 alikuwepo daktari mmoja anaitwa H. L. Gordon, ambaye alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo kuliko wa Mzungu na kwamba akili yake ina kikomo. Ni huyo aliyekuwa akitegemewa kuwatibu watu hao!

Mwaka 1938 Mathari ikakabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hadi 1950. Akahesabu Waafrika waliolazwa, akalinganisha na hesabu za Ulaya na Marekani, akatoa hitimisho kwamba Mwafrika anayeishi kwao kijijini haugui sana akili, na kwamba sonona kwake ni nadra mno. Sababu? Eti Mwafrika hana mzigo wa majukumu binafsi, hajitafakari, na lawama zote huwatupia wachawi na mizimu. Alifika mahali akamfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Tena hayakuwa maandishi ya kabatini. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani ndilo lililomchapishia kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika.

Na aliongeza kwamba anayepata matatizo zaidi ni Mwafrika aliyetoka kijijini, akaenda mjini, akasoma. Yaani sisi hapa hosteli.

Sasa hebu tufikiri kama wanahistoria: ile hesabu ilitoka wapi? Alihesabu watu waliofikishwa hospitali. Nani alifikishwa Mathari miaka ile? Koloni zima linategemea hospitali moja. Aliyefika ni yule aliyepiga kelele sokoni, aliyechoma nyumba, aliyemsumbua mwajiri mpaka polisi wakaitwa. Mama aliyekaa kimya ndani kwake Kisii au Machakos, hali, halali, hataki hata kumshika mtoto, nani angempeleka Nairobi? Hakumsumbua bwana DC. Kwa hiyo hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa ikaandikwa kwamba hayupo.

Kwamba watu hao walikuwepo, ushahidi upo. Huko Ghana daktari mmoja mwanamke, Margaret Field, hakukaa hospitalini kuwasubiri wagonjwa. Alikwenda kukaa kwenye mahekalu ya waganga vijijini, maeneo ya Ashanti, na kuandika habari za waliokuja kuomba msaada. Kitabu chake kilitoka 1960. Aliwakuta wanawake wengi wenye huzuni nzito, wanaojilaumu wenyewe, wengine wanakiri kuwa ni wachawi na wameua ndugu zao. Sonona hiyo hapo! Ilikuwa kwa mganga, na daktari wa serikali alikuwa anaitafuta wodini.

Turudi Kenya, maana mambo hayakuishia kwenye vitabu. Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Serikali ikamwita Carothers aeleze Wakikuyu wamepatwa na nini, na 1954 ikatoka ripoti yake. Watu waliokuwa wanadai ardhi na uhuru wakaelezwa kama watu wenye kasoro ya kisaikolojia, waliochanganywa na maisha ya kisasa. Ukishamwita mtu mgonjwa huna haja ya kumjibu hoja yake.

Aliyemjibu vizuri ni Frantz Fanon. Wengi hapa tunamjua Fanon wa mapinduzi kwa sababu ya Viumbe Waliolaaniwa. Tunasahau kwamba kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili. Kuanzia 1953 hadi 1956 alikuwa daktari Blida, Algeria, hospitali ambayo nayo wagonjwa wa Kizungu na Waislamu walikuwa wodi tofauti. Alipoleta mikutano, michezo na sherehe, wanawake wa Kizungu walipata nafuu, ila wanaume wa Kialgeria hawakushtuka. Badala ya kusema akili zao ndizo mbovu, alijikosoa mwenyewe: tumewaletea mambo ya Ufaransa watu wasio Wafaransa. Akawafungulia mkahawa wa kahawa kama wa kwao, na sikukuu zao zikasherehekewa. Na katika kile kitabu cha 1961 akamtaja Carothers na wenzake wa Algiers kwa majina, akaonyesha sayansi yao ilivyomtumikia mkoloni.

Mwingine ni Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka 1954, pale Aro karibu na mji wa Abeokuta, alipanga wagonjwa wakae vijijini kwenye nyumba za watu wa kawaida, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumsindikiza kwenye dawa asubuhi. Waganga wa jadi aliwashirikisha pia. Baadaye yeye na wenzake kutoka Marekani walikwenda kuuliza watu huko vijijini nyumba kwa nyumba, na matokeo ya 1963 yakaonyesha dalili za sonona kwa Wayoruba zilikuwa nyingi tu. Waliulizwa, wakasema.

Na sisi? Wajerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili Lutindi, milima ya Usambara, tangu 1904. Waingereza wakajenga hapa Dodoma miaka ya 1920, ndiyo Mirembe tunayoitania. Leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Nimeishi mji mmoja nayo miaka yote hii na nilichokuwa nimefanya nayo ni kuitumia kama tusi.

Msidhani haya ni ya Afrika tu. Marekani, mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright alisema mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Zaidi ya karne moja baadaye, kama alivyoonyesha Jonathan Metzl baada ya kupekua mafaili ya hospitali ya Ionia huko Michigan, wanaume weusi wa Detroit walianza kubandikwa jina la skizofrenia kwa wingi miaka ileile ya kudai haki zao. Uingereza, katika miaka hii ya karibuni, mtu mweusi ana uwezekano zaidi ya mara tatu ya mweupe kushikiliwa kwa nguvu chini ya sheria ya afya ya akili. Ukiangalia vizuri ni kitu kilekile cha Mathari. Mtu mweusi anaonekana akiwa hatari. Akiwa na huzuni haonekani.

Sisemi kwamba mimi nilimsoma Carothers kabla ya kumcheka mwenzangu. Wala sisemi babu zetu walihitaji Mzungu awafundishe kucheka vichaa. Ninachosema ni kwamba niliposema "ugonjwa wa wazungu" nilirudia hukumu ya mkoloni kuhusu mimi mwenyewe, nikaiona ni ujanja wa mjini. Na aliyeumia ni mtu aliyekuwa amejikaza mpaka akasema.

Nilipompigia juzi nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Acha hizo bwana, hata mimi nilicheka." Anahudhuria kliniki ya hospitali ya wilaya kwao, dawa anameza, na mama yake kamwachia kuku awaangalie. Usingizi umerudi. Mwakani atarudi chuoni, akipenda, na kitanda chake nimewaambia wenzangu tusikigawe.

TP inakaribia, wadau. Nikiwa darasani najua atakuwepo mmoja kule nyuma anayelala kila kipindi. Zamani ningemsimamisha apige magoti. Safari hii nitamwita pembeni nimuulize kwanza.

Tuko pamoja. Usiku mwema, umeme wenyewe ushaanza kucheza.